Alisema amina mwenyewe, leo anataka kutangua nadhiri yangu

Shikamoo mama, Bwana Yesu asifiwe. Jogoo wa kwanza ameshawika na sijafumba jicho. Mume wangu anakoroma.

Unatujua sisi wa huku milimani, ng'ombe wa maziwa ndiye benki. Kwa hiyo usidhani nilitamka ovyo. Mtoto alikuwa amelazwa na nimonia, mpira wa oksijeni puani, na nesi ameshaacha kunijibu. Nikapiga magoti palepale chini ya kitanda, nikasema Bwana ukiniachia huyu, yule mtamba ni wako, nitamleta sikukuu ya mavuno. Mume wangu alikuwa nyuma yangu ameshika chupa ya uji. Akasema amina. Kwa sauti, hata mama wa kitanda cha pili aligeuka.

Mtoto akapona. Sikukuu ilipofika akasema tungoje mtamba azae. Amezaa, na maziwa yake ndiyo yanayorejesha mkopo wa kikoba, sikatai. Sasa mavuno mengine yamekaribia, ananiambia tupeleke beberu, anadiwe nje baada ya ibada kama sadaka za wengine, Mungu haangalii ukubwa. Nikamsomea Walawi 27, kwamba mnyama aliyewekewa nadhiri habadilishwi. Akaenda kwa kaka yake, ambaye ni mzee wa kanisa, akarudi na Hesabu 30: mume ana haki ya kutangua nadhiri ya mkewe.

Nikamwambia soma mbele. Mbele panasema mume huitangua siku ile anayoisikia. Akinyamaza, imesimama, na akija kuitangua baadaye uovu wa mke anaubeba yeye. Na huyu hata hakunyamaza, mama. Alisema amina! Anasema ile amina ilikuwa ya mtoto apone, si ya ng'ombe. Amina inagawanyika?

Mimi si mwanamke mkaidi. Waefeso 5 naijua, na sijawahi kumjibu mbele ya watoto mpaka juzi, na hiyo juzi aliyeanza ni yeye. Ng'ombe mwenyewe alinunuliwa kwa pesa ya maharage yangu, ingawa aliyekwenda mnadani ni yeye, ndiyo maana anasema ni wake. Shemeji naye ananitajia Marko 7, Yesu alivyowakemea wanaosema Korbani, yaani mali hii nimempa Mungu, huku wazazi wao wanakosa, eti mama mkwe atakosa maziwa ya chai. Mama mkwe ndiye aliyeniambia nimwahidi Mungu kitu kinachouma!

Mchungaji wetu anasema Mungu hadai kama mkopeshaji. Sawa, lakini Mhubiri 5 panasema afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Mtoto akikohoa usiku namkumbuka binti wa Yeftha, aliyetolewa kwa nadhiri ya baba yake, moyo unaniruka. Kuna saa nasema basi, na aubebe huo uovu, si imeandikwa? Halafu namwangalia amelala, ni baba wa wanangu, sitaki limpate lolote.

Siku za gulio hashindi nyumbani. Nikimswaga ng'ombe mpaka kwa mchungaji wakati yeye hayupo, nitakuwa nimemtii Mungu au nimemwasi mume? Sitaki ugomvi. Ila nikiambiwa kuna njia ya kumkomboa huyo ng'ombe, kama Walawi inavyoruhusu nyumba na shamba kwa kuongeza sehemu ya tano, nitaongeza hata nusu, nitakopa tena kikoba. Na ndama je? Niliahidi mtamba, ndama sikumtaja.

Nijibu kabla ya Mavuno. Ukisema nimtii mume nitamtii, lakini ile amina yake utakuwa umeiweka wapi? Na ukisema ng'ombe aende, weka na aya, tena zaidi ya moja, maana shemeji atazitafuta. Usitaje wilaya yangu, huku ukurasa wako wanausoma wote.

Mama mwenye nadhiri