Hiyo sabuni iweke kando kwanza

Mpendwa Rehema,

Natumaini hujambo na wa nyumbani wote ni wazima. Picha za mimea yako inayokula wadudu zimefika, pamoja na swali lako kama uinyunyizie maji ya sabuni kuwaua wadudu walioivamia. Tafadhali usinyunyizie. Mimea hii asili yake ni udongo usio na chumvi wala rutuba. Sabuni ikichuruzika chunguni hubaki humo na kuunguza mizizi, na kwenye drosera, ule mmea unaonasa wadudu kwa ulimbo, hubabua vinyweleo vinavyoutoa.

Dionea yako, ile yenye mitego inayojifunga, ina vidukari. Majani machanga yanatoka yamejipinda, mitego imedumaa, na zile punje nyeupe zinazofanana na vumbi ni magamba waliyojivua. Usishangae mla wadudu kuliwa na wadudu: vidukari hujibanza katikati kabisa, penye majani ambayo mitego yake bado haijafunguka, wakafyonza utomvu bila kusumbuliwa.

Anza na maji matupu. Funika udongo kwa kitambaa na ukifunge, pitimosi, yaani ule udongo wa kuvumwani iliyooza, isije ikaelea. Zamisha mmea wote pamoja na chungu katika ndoo ya maji ya mvua au yaliyokenekwa, ukae siku 2 hadi 3 pasipo na jua kali. Maji ya bomba mara nyingi yana chumvi, yaache. Utikisetikise taratibu mpaka viputo vya hewa vitoke, kwa sababu kidukari aliyenaswa ndani ya kiputo anaendelea kupumua. Chunguza tena baada ya wiki moja, na ukimwona hata mmoja, zamisha upya: jike huzaa watoto hai bila dume, kwa hiyo huyo mmoja anatosha kurudisha kundi zima. Majani yaliyokwisha kupinda hayatanyooka. Kipimo chako ni majani mapya.

Sarasenia, ile yenye majani kama mitungi, ni jambo jingine, nalo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Vile vidoa vingi vya rangi ya fedha, pamoja na utando mwembamba, ni dalili za utitiri. Hakikisha hivi: weka karatasi nyeupe chini ya jani, ligonge kidogo, kisha tazama kwa lenzi. Ukiona vidoa vinatembea, ndio wenyewe. Utitiri ana miguu 8, si mdudu, ndiyo maana imidaklopridi, dawa inayoua vidukari, haimwui. Wakati mwingine hata huwafanya waongezeke. Tafuta dawa iliyoandikwa wazi kuwa ni ya utitiri, na uijaribu kwenye jani moja kwa siku kadhaa kabla ya kunyunyizia mmea mzima. Dawa nyingi haziui mayai, na penye joto yai huwa utitiri kamili kwa muda wa wiki moja hivi. Basi fuata kibandiko cha dawa; kikiruhusu, rudia kila baada ya siku 5 hadi 7, mara 3. Hewa kavu huwapendelea, kwa hiyo usiuweke mmea karibu na feni.

Ukikuta vidung'ata, wale weupe kama pamba, waguse mmoja mmoja kwa kijiti cha pamba chenye spiriti ya asilimia 70. Vijinzi weusi wanaoruka chunguni waachie drosera, isipokuwa una miche, maana funza wao hula vijizizi.

Itenge sarasenia leo hii, na mmea wowote mpya ukae peke yake wiki 4. Nitumie picha ya katikati ya dionea ukishaiopoa.

Wako,
Zuhura