Mafaili makubwa yasiandikwe upya kwa ajili ya rekodi chache

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi walimu wa kompyuta vyuoni wawafundishe vijana kusahihisha faili kubwa papo hapo lilipo, kwani nimeishuhudia hasara ya kutolijua jambo hili.

Katika ofisi moja niliyofanya kazi, faili la ankara lilikuwa na rekodi milioni 40, kila moja baiti 128 (baiti moja ni kama nafasi ya herufi moja), yaani zaidi ya gigabaiti 5. Kila usiku, ili kubadili namba za mita katika rekodi zisizozidi mia mbili, programu iliyoandikwa kwa Perl, mojawapo ya lugha za kuandikia programu, ilisoma faili zima na kuliandika upya tangu mwanzo, kazi ya saa kadhaa kwenye kompyuta yetu kuukuu. Siku moja umeme ulikatika usiku wa manane. Uliporudi alfajiri ikabidi tuanze tena rekodi ya kwanza, na wateja wakasubiri dirishani hadi adhuhuri.

Taabu hiyo haikuwa na sababu, kwa kuwa rekodi zikiwa na urefu sawa, mahali pa kila moja hupatikana kwa kuzidisha tu. Anayeitaka rekodi ya 3,000,001 huzidisha 3,000,000 zilizotangulia kwa 128, na amri ya seek, ya kuhamia mahali fulani ndani ya faili, humvusha baiti 384,000,000 bila kusoma chochote njiani. Hapo husoma baiti 128, hurekebisha panapohusika, hurudi kwa seek nyingine hadi mwanzo wa rekodi ileile, maana kusoma kumekwisha kumsogeza mbele, kisha huandika baiti 128 kamili, zisipungue wala kuzidi hata moja. Kama kila rekodi huishia na alama ya mstari mpya, nayo ihesabiwe.

Ninalolisisitiza zaidi ni namna ya kulifungua faili, yaani alama inayowekwa katika amri ya Perl ya kulifungua. Alama ya +< huruhusu kusoma na kuandika bila kugusa kilichomo, lakini +>, ambayo mwanafunzi huichanganya nayo kwa urahisi, hufuta kila kitu kabla haijasomwa hata rekodi moja. Na kwa kuwa anayeandika juu ya faili lenyewe hana pa kurudi, rekodi ya zamani iandikwe kwanza kwenye faili dogo la pembeni, pamoja na namba yake, ndipo mpya ichukue nafasi yake.

Wako,
Mtayarishaji programu,
Morogoro