Gharama ya kuuguza haina risiti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme kuhusu wazee wenye ugonjwa sugu wa mapafu, ule wa njia za hewa kuziba taratibu ambao wengi tunauita pumu tu.

Mama yangu ana miaka 74. Hajawahi kushika sigara. Alichovuta maishani ni moshi wa kuni. Si yeye peke yake. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi za kipato cha chini na cha kati, tumbaku husababisha asilimia 30 hadi 40 tu ya ugonjwa huu, na moshi wa majumbani ni chanzo kikubwa.

Juzi nilifungua droo yake nikakuta boksi la inhela, kile kichupa cha dawa ya kuvuta kwa mdomo, limechorwa vistari vya penseli, vitano vitano. Kichupa kile hubonyezwa mara 120 kikaisha: mara mbili asubuhi, mbili jioni, kwa siku 30. Kumbe Mama amekuwa akivuta asubuhi tu, na siku akijisikia nafuu anaacha kabisa, "kifike mwezi wa pili". Alitaka kutupunguzia mzigo.

Matokeo yake akabanwa kifua usiku wa manane, tukakodi gari, akalazwa siku sita kwenye oksijeni. Bima ililipia kitanda bila maswali. Bima hiyohiyo ndiyo iliyokuwa imekataa kulipia inhela, eti ni dawa ya kila siku. Hesabu hiyo imenishinda, na mimi shuleni hesabu niliziweza.

Halafu kuna gharama isiyoandikwa popote. Dada yangu alikosa kazi siku zote sita, na Mama aliporudi hakuweza hata kujifunga viatu bila kupumzika, kwa hiyo dada akaendelea kubaki. Mpaka leo hajarudi kazini. Hospitali haitoi risiti ya mshahara uliokosekana, basi kwenye takwimu haupo. Ugonjwa huu uliua watu milioni 3.5 duniani mwaka 2021, na nyuma ya kila mmoja wao kuna aliyekuwa anauguza.

Jambo lililoniuma zaidi ni dogo. Muuguzi mmoja wodini alimwambia Mama avute mbele yake. Alikuwa anabonyeza kwanza, ndipo anavuta. Dawa nyingi inaishia ulimini. Dakika kumi za kumfundisha kutoa pumzi, kubonyeza huku akivuta polepole, kisha kuibana pumzi kidogo. Miaka minne ya kliniki hakuna aliyemwonyesha! Tumekuwa tukinunua dawa ya kupaka ulimi.

Mhariri, mwandishi wako wa habari za uchumi akipata nafasi, naomba awaulize watu wa bima swali moja: siku sita za kitanda na oksijeni ni sawa na inhela ngapi?

Mimi msomaji wako,
Mtoto wa mgonjwa