Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi Zanzibar: swichi ya maiki anashika nani?

Mheshimiwa Mwenyekiti, asalaam alaykum.

Mie mpiga kura wa Wete, barua hii naiandika kwa simu hapa barazani baina ya magharibi na isha, nikiteleza unisamehe. Najua midahalo ya tivii si nyie mnaoiandaa, lakini nyie ndo mnaosimamia maadili ya uchaguzi ambayo vyama vinatia saini, sasa kama si kwenu sijui nikabishe hodi kwa nani.

Kampeni zilizopita tulikaa hapa watu kama ishirini, kahawa imezunguka, tunaangalia mdahalo wa wagombea uwakilishi, kituo sikitaji. Mmoja kila akiulizwa suali anainamia chini ya meza, mwenzake akamrukia kwamba anasoma majibu kwenye simu, yule akasema naangalia saa tu bwana, mtangazaji anachekacheka, basi dakika kumi zote zikaliwa na simu na suali la bei ya karafuu halikujibiwa mpaka leo. Barazani ndo usiseme, hawa kaibia, wale kasingiziwa, na mie ukiniuliza sijui, mana hatukuambiwa kabla kama simu inaruhusiwa ama hairuhusiwi. Sasa utamhukumu mtu kwa sharti gani?

Marekani yaliwakuta haya haya. Mwaka 2004 timu za Bush na Kerry, wagombea urais wao, ziliandikiana makubaliano ya midahalo ya kurasa 32, mpaka habari ya kalamu na karatasi imo. Mdahalo wa kwanza tu, 30 Septemba, Kerry akaonekana anatoa kitu mfukoni, watu wakaja juu kaingia na majibu, kumbe ni kalamu. Bush nae akaambiwa kafungwa mtambo wa redio mgongoni kwa vile koti lilituna, watu wake wakasema huo mshono tu. Kurasa 32 na bado kelele!

Alafu 29 Septemba 2020, Cleveland, Trump na Biden. Walikubali kila mtu dakika 2 zake asikatizwe, Trump akakatiza weee, Biden nae akamwambia anyamaze, Chris Wallace mwenye kuendesha kabaki kubembeleza kama mtu anaetuliza watoto madrasa. Kwa mdahalo wa Nashville, 22 Oktoba, tume yao ya midahalo haikubembeleza tena, zile dakika 2 za mmoja maiki ya mwenzie inazimwa, basi. Na 27 Juni 2024 kule Atlanta, CNN wakawapa wagombea wote wawili kalamu, karatasi tupu na chupa ya maji, kuja na karatasi zako ulizoandika kwenu marufuku. Ile kalamu iliyozua fitna miaka 20 nyuma, safari hii unapewa hapo hapo!

Sie hapa kwenye mchezo wa dhumna tunajua hayo bila kuandikiana. Ukimkoholea mwenzio kumpa ishara unainuliwa, anakaa mwengine, hata uwe mzee wa mtaa (mie nishainuliwa mara mbili na moja walinionea).

Kwa hivyo naomba, uchaguzi ujao kabla kampeni hazijaanza, mkae na vyama na vituo vya tivii muandike masharti ya midahalo, ukurasa mmoja tu unatosha. Simu zinaachwa wapi, kalamu anatoa nani, dakika ngapi, na jina la mtu mwenye mkono kwenye swichi ya maiki, awe si wa chama chochote. Mtu akilalamikiwa jibu litoke usiku ule ule kabla mdahalo haujesha, sio wiki ya pili kwenye taarifa ya habari wakati sie tushagombana na mashemeji.

Na mkishachapisha mtuletee nakala Wete, tutaibandika hapa ukutani pembeni ya ratiba ya boti.