Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mikanda na Mapambano Makubwa ya Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Kwa utaratibu wetu, mwenyekiti husoma taarifa ya mwaka kabla ya mhazini kusoma hesabu. Habari za fedha namwachia mhazini. Mimi nitasema kuhusu mieleka yenyewe: mikanda ya ubingwa iliyohama, jinsi ilivyohama, na namna tunavyopaswa kuiandika kwenye daftari letu la mapambano ya ubingwa. Mwishoni nitagusa utaratibu wa kutazama pamoja. Sehemu ya daftari ndiyo ndefu, kwa sababu mwaka 2024 ulikuwa na mitego inayompoteza hata mtunza kumbukumbu makini.

Kabla ya yote, tuwakumbuke waliotangulia. Sika Anoaʻi alifariki Juni 25, na ndugu yake Afa akamfuata Agosti 16. Wawili hawa ndio Wild Samoans, mabingwa mara tatu wa mkanda wa wawili wawili wa WWF, kampuni ya mieleka ya Marekani ambayo sasa inaitwa WWE. Sika ni baba mzazi wa Roman Reigns. Tumempoteza pia Ole Anderson mwezi Februari, Kevin Sullivan na Sid Eudy mwezi Agosti, na Rey Mysterio Sr. mwezi Desemba. Naomba tusimame kwa dakika moja.

Asanteni. Tuketi.

Tukio kubwa la mwaka lilikuwa WrestleMania XL (ya 40) ya WWE, Aprili 6 na 7, katika uwanja wa Lincoln Financial Field mjini Philadelphia. Idadi ya watazamaji iliyotangazwa ni 72,543 usiku wa kwanza na 72,755 usiku wa pili. Katika siku hizo mbili zilikatika enzi mbili ndefu za ubingwa, na hesabu za enzi hizo ndizo zilizoleta ubishi kati yetu.

Gunther alichukua mkanda wa Intercontinental Juni 10, 2022. Sami Zayn akamvua Aprili 6, 2024. Hizo ni siku 666, rekodi ya mkanda huo. Kabla yake rekodi ilikuwa ya Honky Tonk Man, siku 454, tangu 1987 hadi 1988. Roman Reigns alitwaa mkanda wa Universal Agosti 30, 2020, na Cody Rhodes akamwangusha Aprili 7, 2024: siku 1,316. Waliopata 665 na 1,315 hawakukosea kujumlisha. Walisahau kuwa 2024 ni mwaka mrefu, wenye Februari 29. Na waliopata 667 na 1,317 waliihesabu siku ya ushindi kuwa siku ya kwanza. Sisi tunahesabu siku ya ushindi kuwa sifuri, na siku ya kupoteza ndiyo ya mwisho kuhesabiwa. Tukishika kanuni hiyo moja, madaftari yote yatalingana.

Kuna jambo lingine kuhusu Reigns. Siku 1,316 ni za mkanda wa Universal tu. Mkanda wa WWE aliuchukua kwa Brock Lesnar Aprili 3, 2022, kwa hiyo huo alikaa nao siku 735. Tangu hapo mikanda miwili ilitetewa kwa pamoja, lakini kila mmoja una historia yake. Anayeandika kwamba Reigns alikuwa bingwa wa WWE kwa siku 1,316 anamzidishia siku 581. Naomba wote wenye nakala za zamani mrekebishe mstari huo kwa kalamu nyekundu, msiufute, ili wajao waone tulirekebisha nini.

Pambano lenyewe la Cody na Reigns haliwezi kueleweka bila kuandika lililotangulia usiku wa kwanza. The Rock na Reigns waliwashinda Cody na Seth Rollins, na kwa masharti yaliyowekwa, ushindi huo ulifanya pambano la usiku wa pili liwe la kanuni za Bloodline (kundi la Reigns), yaani hakuna kuondolewa kwa kuvunja kanuni. Ndiyo sababu Jimmy Uso, Solo Sikoa, The Rock, John Cena na The Undertaker waliweza kuingia ulingoni na matokeo yakabaki halali. Mtu akiandika tu "Cody kashinda kwa kumwangusha" bila kutaja masharti, msomaji wa miaka kumi ijayo atauliza refa alikuwa wapi. Safu ya masharti ijazwe kila mara, hata kama ni maneno mawili.

Kinyume chake kilionekana katika tukio la Royal Rumble, Januari 27, kule St. Petersburg, Florida. Kevin Owens alimkabili Logan Paul kwa mkanda wa Marekani. Owens akatumia vyuma vya vidoleni, refa akaviona, Owens akaondolewa. Aliyeondolewa kwa kuvunja kanuni hapati mkanda, na mshindi akiwa ndiye bingwa basi ametetea. Vivyo hivyo bingwa akishindwa kwa hesabu ya nje ya ulingo, pambano amepoteza lakini mkanda anaondoka nao. Hilo ndilo kosa lililo jingi zaidi katika fomu mnazotuletea: mnaandika nani kashinda, hamwandiki kashinda kwa njia gani. Kuna njia tatu za kawaida za kuhamisha mkanda: mabega chini kwa hesabu ya tatu, mpinzani kujisalimisha, au mpinzani kupoteza fahamu katika kabali. Gunther alimvua Damian Priest mkanda wa World Heavyweight mjini Cleveland Agosti 3, katika tukio la SummerSlam, kwa hiyo njia ya tatu. Dakika chache kabla, Priest alikuwa amemlaza kwa ushindi, ila Finn Bálor akauweka mguu wa Gunther juu ya kamba. Mguu ukigusa kamba, refa hukatisha hesabu; hajali nani kauweka kama hakumwona. Hapo ndipo Priest alipoupoteza ubingwa wake, na safu ya maelezo lazima iseme hivyo.

Hiyo SummerSlam ya Cleveland ndiyo iliyotikisa daftari zaidi ya tukio jingine lolote. Kati ya mapambano saba, sita yalikuwa ya ubingwa, na mikanda minne ikahama usiku mmoja: Gunther alichukua wake kama nilivyosema, Nia Jax kutoka kwa Bayley, LA Knight kutoka kwa Logan Paul, na Bron Breakker kutoka kwa Sami Zayn. Waliotetea ni Cody, dhidi ya Solo Sikoa, na Liv Morgan, dhidi ya Rhea Ripley.

Sasa mkoba wa Money in the Bank. Mwenye mkoba ana mwaka mmoja wa kudai pambano la ubingwa wakati wowote, lakini pambano halipo mpaka kengele ilie. Priest aliupata London Julai 1, 2023, akaubeba siku 281, akautumia WrestleMania dakika chache baada ya Drew McIntyre kumvua Rollins mkanda wa World Heavyweight. McIntyre alikwenda kumkebehi CM Punk kwenye meza ya watangazaji badala ya kuondoka na mkanda wake; Punk akamshambulia, Priest akaja na refa, kengele ikalia, kwisha. Enzi ya McIntyre haikufika hata dakika 6. Ni enzi halali kabisa na inaandikwa kwa mstari wake. Nimekuta nakala zinazoruka kutoka kwa Rollins moja kwa moja hadi kwa Priest, na hilo ni kumdhulumu mtu ubingwa alioupata kwa jasho.

McIntyre huyohuyo alishinda mkoba Toronto Julai 6 na kuutumia usiku uleule, akiingilia pambano la Priest na Rollins ambalo likawa la watu watatu. Punk akatokea tena, na Priest akamwangusha McIntyre. Mkoba ukaungua bure. Katika pambano la watatu, kumbukeni, bingwa anaweza kuvuliwa mkanda bila yeye mwenyewe kuangushwa. Kwa hiyo aliyeangushwa aandikwe kwa jina. Tiffany Stratton, aliyeshinda mkoba wa wanawake hukohuko Toronto, alisubiri siku 181, mpaka Januari 3, 2025, akamvua Nia Jax. Mstari huo uende kwenye daftari la 2025, si la 2024.

Mtego wa mwisho wa daftari ni Riyadh, Novemba 2. Cody alimshinda Gunther, na Liv Morgan akamshinda Nia Jax, mabingwa kwa mabingwa. Hakuna mkanda uliohama. Walikuwa wakigombea ubingwa maalumu wa Crown Jewel, na mikanda yao ya kila siku haikuwekwa rehani. Jeddah, Mei 25, ilikuwa karibu na hivyo: Cody na Logan Paul wote walikuwa mabingwa, lakini mkanda uliogombewa ulikuwa wa Cody peke yake. Kabla pambano halijaanza, aliyeshika daftari aandike kwanza ni mkanda upi uko mezani. Akingoja mwisho, atachanganya.

Majeraha pia yana nafasi yake. CM Punk alichanika msuli wa nyuma ya mkono katika Royal Rumble, na mipango yake ya WrestleMania ikafa pale. Rhea Ripley aliuachia mkanda wake wa wanawake Aprili 15 kwa jeraha la bega baada ya siku 380. Becky Lynch akaupata wiki moja baadaye katika pambano la kundi, na Liv Morgan akamvua Jeddah. Mkanda ulioachiwa haukupotezwa kwa mtu. Andikeni "umeachiwa", na siku za kukaa wazi zisiongezwe kwa yeyote.

Nje ya WWE nitapita haraka, ingawa moyo wangu haupendi. Tetsuya Naito alimshinda Sanada ndani ya Tokyo Dome Januari 4. Sting alistaafu Machi 3 kule Greensboro akiwa bingwa wa wawili wawili pamoja na Darby Allin, na sidhani kama kuna mkongwe aliyeagwa kwa heshima kubwa kuliko ile. Swerve Strickland alitwaa mkanda wa dunia wa AEW, kampuni nyingine ya Marekani, kutoka kwa Samoa Joe Aprili 21, akaupoteza kwa Bryan Danielson Wembley Agosti 25, naye Danielson akaupoteza kwa Jon Moxley Oktoba 12. Kwa jirani zetu Uganda, vijana wa Soft Ground Wrestling wanaendelea kupigana juu ya tope, na wanajua kuanguka vizuri kuliko wengi wenye ulingo wa mbao na chemchemi. Napendekeza tuwafungulie kurasa zao.

Kuhusu kutazama pamoja. Malalamiko ya mwaka mzima yalikuwa saa. Mashariki ya Marekani iko nyuma yetu hapa Afrika Mashariki kwa saa 7 tangu Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, na saa 8 miezi iliyobaki. WrestleMania ilianza saa 1 jioni ya kwao. Kwetu ilikuwa saa 8 usiku. Royal Rumble ya Januari ilianza saa 2 usiku ya kwao, na kwetu ilikuwa saa 10 alfajiri. Tangazo likisema "Jumamosi usiku", kwetu ni usiku wa kuamkia Jumapili. Usiku wa pili wa WrestleMania ni wa kuamkia Jumatatu, siku ya kazi, kwa hiyo kila mtu aombe ruhusa yake mapema.

Habari njema ni kwamba mwaka 2024 matukio mengi yalisogea upande wetu wa dunia. Perth, Februari 24, tuliipata saa 7 mchana. Jeddah na Riyadh saa zao ni sawa na zetu, na Lyon na Berlin ziko karibu nasi; yote manne yalianza saa 2 usiku ya Afrika Mashariki. Hayo ndiyo matukio ya kuwaalika watoto na kina mama, si yale ya saa 8 usiku. Kamati ipange michango ya mwaka kwa kufuata hilo.

Vifaa: picha ya HD kwa intaneti hula takriban gigabaiti 3 kwa saa, na usiku mmoja wa WrestleMania ni kama saa 4. Nunueni bando la gigabaiti 15, msinunue 10 mkakwama kwenye pambano la mwisho. King'amuzi, ruta na projekta vichomekwe kwenye UPS, yaani betri ya akiba. Spika na feni visichomekwe hapo, vitaimaliza betri. Umeme ukikatika, UPS inashikilia mpaka jenereta iwake. Bila hiyo king'amuzi kinaanza upya na mnapoteza dakika kadhaa, na taa ya projekta ikizimwa ghafla ikiwa ya moto feni yake haipati muda wa kuipoza. Hivyo ndivyo taa zinavyokufa kabla ya wakati. Jenereta ijaribiwe alasiri, ikiwa na mzigo wote juu yake, si ikiwa tupu.

Mwaka 2025 John Cena alifanya mzunguko wake wa mwisho, kama alivyotangaza Toronto. Aliuanza akiwa na ubingwa wa dunia mara 16, sawa na Ric Flair. Wa 17 aliupata Aprili 20, 2025, na mstari huo nitauandika mwenyewe mbele yenu. Ilikuwa WrestleMania 41, Las Vegas, Aprili 19 na 20.

Naomba mkutano upitishe mambo mawili: fomu mpya yenye safu za tarehe, mahali, mkanda ulio mezani, masharti, njia ya ushindi, aliyeangushwa na maelezo, na kanuni ya siku ya ushindi kuwa sifuri. Fomu ziko kwa katibu, mlango wa kushoto. Kila tawi lichukue nakala 20.

Mwenyekiti