Kabla Hujaongeza Kifurushi cha Intaneti, Tazama Kuta Zako

Wateja wengi wanaotupigia simu sisi mafundi wa mtandao wa nyumbani, kutoka Forest, Isyesye au Uyole hapa Mbeya, huanza na lawama ileile: kampuni ya intaneti inawaibia. Faiba imefika sebuleni, taa za rauta zinawaka zote, lakini chumba cha nyuma video inazunguka tu. Ushauri wetu wa kwanza ni wa bure. Unganisha kompyuta na rauta kwa waya, pima kasi. Kisha chomoa, nenda chumbani, pima tena kwa Wi-Fi. Kama kipimo cha kwanza kinalingana na unacholipia na cha pili kimeanguka, mwache mtoa huduma. Tatizo liko ndani ya nyumba.

Na nyumba za huku kwetu Mbeya zimejengwa kweli: tofali la kuchoma, lipu pande zote mbili, zege kati ya ghorofa na ghorofa. Rauta nyingi hurusha Wi-Fi kwa masafa mawili. Ya 5 GHz, ambayo ndiyo yenye kasi, hudhoofika haraka kwenye kuta za namna hiyo. Ile ya 2.4 GHz hupenya zaidi, ila ni ya polepole, na kwenye apatimenti unaigombania na majirani wa juu, wa chini na wa ubavuni. Vile vidude vya kuchomeka kwenye soketi ili kurefusha Wi-Fi, vingi hupokea na kurusha kwa redio hiyohiyo moja, hivyo kasi hukatika karibu nusu. Tunaviuza mteja akisisitiza, lakini hatuvisifii.

Kinachotibu ni kebo. Si kila chumba. TV, kompyuta ya kazi, mashine ya kurekodi kamera, na kifaa kimoja cha Wi-Fi pale koridoni vinatosha. Simu ziendelee na hewa. Cat5e na Cat6, madaraja ya kawaida ya kebo ya mtandao, zote hubeba 1 Gbps (yaani 1000 Mbps) hadi mita 100, na hakuna apatimenti yenye urefu huo, kwa hiyo usikubali kuuziwa Cat7, daraja la juu zaidi, ya bei ya kutisha.

Pa kubana macho ni kwenye madini ya waya wenyewe. Sokoni zipo kebo nyingi za alumini iliyopakwa shaba juu, na boksi limeandikwa Cat6 bila haya. Kwaruza uzi mmoja kwa wembe: ukikuta weupe ndani, hiyo ni alumini. Pia boksi lake la mita 305 huwa jepesi kuliko la shaba tupu. Alumini hukatika kirahisi ikikunjwa, na hupoteza umeme mwingi njiani, jambo linalosumbua sana kamera zinazopata umeme kupitia kebo hiyohiyo.

Ndani ya kebo kuna nyuzi nane, na 1 Gbps inazihitaji zote. Uzi mmoja ukilegea kwenye RJ45, kile kichwa cha plastiki mwishoni mwa kebo, mara nyingi vifaa haviachi kufanya kazi. Vinashuka kimyakimya hadi 100 Mbps, ambayo hutumia nyuzi nne tu. Mwenye kifurushi cha 20 Mbps hatagundua hata siku moja. Aliyelipia 200 ndiye anayepandisha presha. Ndiyo maana tunapima kila pointi nyuzi zote nane kabla ya kupokea malipo.

Fundi umeme akikwambia atapitisha kebo kwenye bomba moja na nyaya za umeme ili kuokoa gharama, mkatalie. Ganda la kebo ya data halikutengenezwa kukaa bega kwa bega na volti 230. Iwekewe bomba lake, na pale zinapolazimika kukutana, zikatane msalaba.

Kwa kebo inayotoka nje, mathalani kwenda chumba cha mlinzi, sisi tunaweka faiba, kwa kuwa haipitishi umeme. Msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, radi ikipiga jirani tu, kebo ya shaba inaweza kuleta mshtuko hadi kwenye rauta na vyote vilivyounganishwa nayo.

Kama umepanga, ongea na mwenye nyumba kwanza. Mfereji wa plastiki unaobandikwa juu ya ukuta haupasui chochote, na ukihama unaondoka na kebo zako. Kama unajenga, tuite umeme unapotandazwa, kabla ya lipu. Siku hiyo piga picha kila ukuta ukiwa na futikamba iliyonyooshwa pembeni, uzihifadhi, ili fundi wa makabati akija na drili ajue asitoboe wapi.