Shukrani kwa dada aliyekagua orodha yetu

Dada, jina lako hatulijui, lakini sisi wachuuzi tuna deni la asante kwako.

Mwaka 2021, serikali ya Uganda ilipotuma shilingi 100,000 kwa simu kwa watu wa mijini waliokosa riziki wakati wa zuio la korona, wengi waliamini kuandikwa na viongozi wa mtaa kwenye orodha ya wa kulipwa kunatosha. Wewe uliuliza: laini hii imesajiliwa kwa jina la nani? Laini ikiwa ya mume au ya mtoto, jina halilingani na kitambulisho cha taifa, na pesa hukwama. Ukatuonyesha ukaguzi usio na gharama: anza kama unayeitumia namba hiyo pesa, soma jina linalotokea, ghairi kabla ya kuweka namba ya siri.

NIN, yaani namba ya kitambulisho cha taifa, nayo uliihesabu moja moja: herufi na tarakimu 14, CM kwa mwanamume, CF kwa mwanamke, kisha tarakimu mbili za mwisho za mwaka wa kuzaliwa. Sifuri ikisomwa kama O (mwandiko wa haraka, jamani!), namba yote inakuwa batili.

Na hukukubali hata soda. Asante sana, dada yetu.